Kundi Liondokalo: Namna ya Kulitambua na Kulipima kwa Karatasi na Kalamu

Kila muhula, CAT (mitihani midogo ya muhula) za kemia ogania zikikaribia, wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili ninaosoma nao hapa Nairobi, wengi wao wa Chiromo na wengine wanaokuja kutoka Juja, huniletea maswali yale yale. Mbona bromini inatoka na OH haitoki? Mbona OH hiyo hiyo ikitiwa asidi inatoka? Na kama RO⁻ (oksijeni yenye chaji hasi iliyobeba mnyororo wa kaboni, R) haiwezi kutoka, sabuni inatengenezwaje? Ikiwa unauliza hivyo, mwongozo huu ni wako. Utakupa utaratibu mmoja unaoweza kuutumia kwa swali lolote, hata lile ambalo lekchara hakuligusa darasani.

Kundi liondokalo ni ile sehemu ya molekuli inayokatika kutoka kwenye kaboni na kuondoka na elektroni zote mbili za bondi. Kwenye noti zenu za Kiingereza hufupishwa LG. Shika jambo moja: lipime kundi kwa kile litakachokuwa likishatoka, si kwa linavyoonekana likiwa bado limeshikamana na kaboni. Likitoka likatulia na elektroni zake, ni kundi zuri. Likitoka likawa besi kali, linalotafuta protoni ya kunyakua popote, halitatoka. Kwa sasa nadharia hiyo inatosha.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Karatasi tupu za kutosha, maana utachora sana. Kalamu za rangi mbili: moja ya atomi na bondi, nyingine ya mishale na chaji peke yake. Uwe unajua kuhesabu chaji rasmi ya oksijeni, nitrojeni na halojeni. Kama bado, rudi hapo kwanza, kwa sababu ukikosea chaji kila hatua inayofuata itakudanganya.

Pia kata kipande cha manila kinachotosha mfukoni, uandike pKa hizi (pKa ni kipimo cha nguvu ya asidi: ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi):

- HI: −10
- HBr: −9
- HCl: −7
- Asidi ya tosiki (TsOH): karibu −3
- H₃O⁺: −1.7
- HF: 3.2
- Asidi ya ethanoiki: 4.8
- NH₄⁺: 9.2
- Fenoli: 10
- Maji: 15.7
- Ethanoli: 16
- Amonia: 38
- Methani: karibu 50

Vitabu vingine vitakupa tarakimu tofauti kidogo, hasa kwa asidi kali zilizo juu ya orodha. Usihangaike, kwani unachotumia hapa ni mpangilio wake. Kadi hii isome kwenye matatu, isome ukisubiri chakula, hadi usiihitaji tena.

Hatua za kufuata

1. Chora molekuli nzima, pamoja na jozi huru za elektroni na chaji zote. Usiandike kwa mkato. CH₃CH₂CH₂CH₂Br ichore hadi bromini ionekane na jozi zake tatu. Kisha tafuta kaboni iliyoshikamana na atomi inayovuta elektroni kuliko yenyewe: halojeni, oksijeni, nitrojeni au salfa. Zungushia bondi hiyo duara.

*Angalia:* je, kaboni hiyo ina bondi nne za moja moja? Kama halojeni imeshikamana moja kwa moja na kaboni ya bondi mbili (C=C) au ya pete ya benzeni, simama hapo. SN1 na SN2 za kawaida (njia mbili za kundi moja kuchukua nafasi ya jingine kwenye kaboni) hazifanyiki, hata kundi liwe zuri namna gani. Wengi hupoteza alama kwa bromobenzeni kwa sababu waliona Br wakakimbilia mshale.

2. Kata bondi kwenye karatasi. Elektroni zote mbili zipe kundi linalotoka, kisha liandike peke yake pembeni, pamoja na chaji yake mpya. Br inakuwa Br⁻. OH inakuwa HO⁻. OH₂⁺ inakuwa H₂O, isiyo na chaji. N₂⁺ inakuwa N₂, gesi tulivu inayojaa kwenye hewa tunayovuta. OTs (tosileti, kundi litokanalo na asidi ya tosiki) inakuwa TsO⁻, ambayo chaji yake imesambaa kwenye oksijeni tatu.

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo iliyo moyo wa kazi. Mwanafunzi huangalia C–OH, akaona oksijeni inavuta elektroni sana, akahitimisha kwamba itatoka kwa urahisi. Kuvuta elektroni hakutoshi. Angeandika HO⁻ pembeni angeona mara moja kwamba ametoa kitu kile kile kilichomo kwenye kostiki soda.

3. Liongezee kundi hilo H⁺, kisha soma pKa kwenye kadi. Br⁻ ikiongezewa H⁺ ni HBr, −9. HO⁻ inakuwa maji, 15.7. H₂O inakuwa H₃O⁺, −1.7. Sasa amua hivi:

- Chini ya sifuri: kundi zuri, linatoka.
- Kati ya sifuri na 12 hivi: linatoka mahali panapolisaidia tu, hasa kwenye kabonili (C=O). Tutafika huko.
- Juu ya 12: kwenye kaboni ya kawaida halitoki lenyewe. Usichore mshale wa kulitoa.

*Angalia floraidi.* HF ina pKa ya 3.2 tu, na bado floraidi karibu haitoki kabisa kwenye alkani. Sababu ni bondi yenyewe: C–F huhitaji takriban kilojuli 485 kwa moli kukatika, ilhali C–Cl ni karibu 340, C–Br karibu 280 na C–I karibu 240. Kwa hiyo mpangilio wa halojeni kwenye kaboni ya kawaida ni I, Br, Cl, kisha F mbali nyuma.

4. Kama kundi ni baya, soma tena vitu vilivyoandikwa juu ya mshale wa mmenyuko. Mara nyingi mtunga swali amekupa kitu cha kuligeuza liwe zuri.

*Asidi kali.* Butan-1-oli ukiipasha moto na NaBr peke yake, hupati kitu. Ongeza asidi ya salfuriki iliyokolea: protoni inakaa kwenye oksijeni, OH inakuwa OH₂⁺, na sasa kinachotoka ni maji. Br⁻ inashambulia kutoka upande wa nyuma na unapata 1-bromobutani. Hata ule mmenyuko wa Form Four wa ethanoli na asidi ya salfuriki karibu nyuzi 170, unaotoa etheni, umesimama hapo hapo: kinachotoka ni maji, na asidi ndiyo iliyofungua njia.

*Tosili kloraidi na piridini.* Hizi hugeuza OH kuwa OTs. Bondi ya C–O haiguswi hapa, kwa hiyo mpangilio wa kaboni haugeuki. Utageuka kwenye hatua inayofuata, nyukliofaili (chembe inayoshambulia kaboni kwa jozi yake ya elektroni) inapoingia kwa SN2. Swali la kawaida la mtihani huficha alama mbili hapo.

*SOCl₂ na PBr₃.* Hizi nazo hushika oksijeni ya alkanoli kwanza, kisha huitoa, ya kwanza ikiacha klorini na ya pili bromini.

*NaNO₂ na HCl kwenye nyuzi 0 hadi 5.* Hii ni kwa amini za aromatiki. NH₂ haitoki asilani, lakini ikigeuzwa kuwa daiazoniamu (N₂⁺ kwenye pete), kinachotoka ni N₂.

*Onyo kubwa.* Usichanganye asidi kali na nyukliofaili iliyo besi kwenye chombo kimoja ukitarajia zote zifanye kazi. Asidi itaipa nyukliofaili protoni kabla haijagusa kaboni. Amonia itakuwa NH₄⁺, isiyo na jozi ya kushambulia. Sayanaidi ni mbaya zaidi: pamoja na asidi hutoa HCN, gesi inayoua. Kwenye karatasi utapoteza alama; kwenye maabara utapoteza uhai. Ukitaka kubadilisha OH kwa CN, tengeneza kwanza tosileti au bromaidi, isafishe, kisha uilete kwa sayanaidi bila asidi.

5. Sasa itazame kaboni iliyobeba kundi. Iko daraja la kwanza, la pili au la tatu, yaani imeshikamana na kaboni nyingine moja, mbili au tatu? Kundi zuri linahitajika kwa SN1, SN2, E1 na E2 (hizi mbili za mwisho hutoa alkeni), kwa kuwa katika zote nne kuondoka kwake ni sehemu ya hatua ya polepole. Kaboni ndiyo inayoamua njia.

Daraja la kwanza na nyukliofaili nzuri: SN2, na viyeyushi kama asetoni au DMSO husaidia. Daraja la tatu ndani ya maji au alkanoli: kundi linatoka kwanza, kabokationi (kaboni yenye chaji chanya) inabaki, ndiyo SN1, na E1 huja nayo. Mfano wa kukumbuka ni 2-methilipropan-2-oli: itikise na HCl iliyokolea bila moto wowote, na baada ya dakika chache tabaka la kloraidi linajitenga. Daraja la tatu na besi kali: E2, utapata alkeni. Daraja la pili ndilo lenye mabishano. Hapo lazima usome besi, kiyeyushi na joto kabla ya kusema neno.

6. Chora mishale. Kwa SN2 ni miwili, na inachorwa kwa pamoja: mmoja kutoka kwenye jozi ya nyukliofaili hadi kwenye kaboni, wa pili kutoka katikati ya bondi hadi kwenye kundi liondokalo. Mshale huanzia kwenye elektroni. Usiuanzishe kwenye kaboni wala kwenye chaji ya chanya.

7. Jumlisha chaji pande zote mbili. Zisipolingana kuna mshale uliokosewa. Ukaguzi huu ni wa sekunde chache na huokoa alama nyingi kuliko kusoma sura nzima usiku wa kuamkia mtihani.

Kabonili: pale RO⁻ inapotoka

Sehemu hii naipa nafasi zaidi kwa sababu ndiyo inayowakatisha watu tamaa. Hatua ya 3 imekwambia kwamba RO⁻, ambayo ikiongezewa H⁺ ina pKa ya 16, haitoki. Halafu unafungua ukurasa wa esta na kuiona ikitoka. Wanaopika sabuni ya kipande kwa mafuta na kostiki soda wanaitoa kila siku.

Fuata kwa kalamu. HO⁻ inashambulia kaboni ya C=O. Elektroni za bondi ya pili zinapanda kwenye oksijeni, inakuwa O⁻. Sasa kaboni ina bondi nne za moja moja, na ile O⁻ inataka kurudisha bondi mbili. Ikirudi, lazima kitu kifukuzwe. Tazama walioko pale: HO⁻ (15.7), RO⁻ (16) na mnyororo wa kaboni (karibu 50). Mnyororo hauendi popote. HO⁻ na RO⁻ karibu wanalingana. HO⁻ ikitoka, umerudi ulikoanzia. RO⁻ ikitoka, unabaki na asidi ya kaboksili yenye pKa karibu 4.8, ambayo papo hapo inapoteza protoni yake na kuwa kaboksileti. Kaboksileti hiyo ndiyo sabuni, na njia ya kurudi imefungwa.

Kwa hiyo kwenye kabonili swali linabadilika. Usiulize kama kundi ni zuri. Uliza, kati ya yaliyoshikamana na kaboni hiyo, ni lipi lililo bora. Ukilijua hilo, utaona kwa nini asidi kloraidi (Cl⁻) humenyuka kwa kasi kuliko anhaidraidi (kaboksileti), anhaidraidi kuliko esta, na esta kuliko amaidi, ambayo ingelazimika kutoa NH₂⁻, ambayo ikiongezewa H⁺ ni amonia yenye pKa ya 38. Utaelewa pia kwa nini ketoni na aldihaidi hazibadilishwi hivi: zingelazimika kutoa kaboni au haidrojeni.

Aspirini ni mfano mzuri. Kuitengeneza, asidi ya salisiliki inamenyuka na anhaidraidi ya ethanoiki, na kinachotoka ni ethanoeti. Vidonge vya aspirini vikikaa mahali penye unyevu huanza kunuka siki. Maji yameshambulia esta hiyo, na safari hii kilichotoka ni upande wa fenoli, pKa ya takriban 10 kwa fenoli ya kawaida, kundi rahisi kutoka kuliko la esta ya ethanoli.

Ukitaka kuliona kwa macho

Jaribio hili lifanye chini ya usimamizi wa fundi wa maabara. Chukua mirija mitatu ya majaribio. Kila mmoja utie 1 cm³ ya ethanoli, kisha matone mawili au matatu ya 1-klorobutani kwenye wa kwanza, 1-bromobutani kwenye wa pili na 1-iodobutani kwenye wa tatu. Iweke kwenye bika la maji ya nyuzi 50 hadi 60 yaliyochemshwa kwa birika la umeme. Ikipata joto, ongeza kwa kila mmoja 1 cm³ ya myeyusho wa nitreti ya fedha wa 0.1 M na uanze saa.

Wa iodini hutoa mashapo ya manjano kwanza, wa bromini hufuata na rangi ya malai, wa klorini huja mwisho na weupe. Ule wa klorini huchelewa sana. Usiumwage ukidhani umeshindwa. Ioni ya fedha yenyewe nayo husaidia kuivuta halidi, lakini mpangilio unaouona ni ule ule wa nguvu za bondi.

Ethanoli inawaka, kwa hiyo pasiwe na moto wazi karibu. Nitreti ya fedha huacha madoa meusi kwenye ngozi, vaa glavu. Suuza mirija kwa maji yaliyotoneshwa, si ya mfereji: maji ya mfereji yana kloraidi, na mirija yote itageuka meupe mara moja, jaribio likaharibika kabla ya kuanza. Na ukumbuke uko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Ethanoli hapa huchemka karibu nyuzi 73 badala ya 78, kwa hiyo usipitishe bika nyuzi 60.

Ukikwama

*"Iodaidi ni nyukliofaili nzuri na pia ni kundi zuri liondokalo. Inawezekanaje?"* Inaingia haraka na kutoka haraka, na hakuna mgongano. Ndiyo maana NaI kidogo huongezwa kwenye mmenyuko wa kloraidi unaokwenda polepole: iodaidi inachukua nafasi ya klorini, kisha inaipisha nyukliofaili unayoitaka. Kwenye asetoni NaCl haiyeyuki, inazama chini, na mmenyuko unasukumwa mbele.

*"Nimepata alkeni badala ya alkanoli."* Kundi limetoka vizuri, lililokosewa ni besi au joto. Punguza joto, tumia nyukliofaili isiyo besi kali, au kubali kwamba kaboni ya daraja la tatu haitakupa SN2.

*"Epoksidi inatoa RO⁻ bila kabonili."* Pete ya atomi tatu imekunjwa kwenye pembe za nyuzi 60 hivi, na ikifunguka inaachilia zaidi ya kilojuli 100 kwa moli. Nguvu hiyo ndiyo inayolipia kundi baya.

*"Kitabu kinasema floraidi ndiyo bora zaidi kwenye pete ya benzeni."* Ni kweli, pale pete inapokuwa na vikundi vya nitro. Huko hatua ya polepole ni shambulio, si kuondoka, na florini huifanya kaboni ivutie zaidi nyukliofaili. Frederick Sanger alitumia 2,4-dainitrofluorobenzeni kwenye kazi yake ya insulini iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1958. Uliza daima ni hatua ipi iliyo polepole kabla ya kutumia mpangilio wa hatua ya 3.

*"OH imetoka kwenye besi, katika ukondenshaji wa aldoli."* Hapo protoni ya jirani ilitolewa kwanza, na chaji hasi iliyobaki, ikishikiliwa na kabonili, ndiyo iliyoisukuma OH nje. Ni njia ya E1cB. Usiihamishie kwa alkanoli ya kawaida.

Jaribu mwenyewe

Pitia hatua zote saba kwa kila mojawapo, kabla hujasoma majibu.

a) CH₃CH₂OH + NaCl ndani ya maji
b) CH₃CH₂OTs + NaCN ndani ya DMSO
c) CH₃CONH₂ + NaCl
d) (CH₃)₃CCH₂Br + NaI ndani ya asetoni

Majibu: (a) hakuna mmenyuko, HO⁻ haitoki. (b) SN2, propanonitraili, na TsO⁻ inatoka. (c) hakuna mmenyuko. Hata kama Cl⁻ ingeingia, kati yake na NH₂⁻ ingetoka Cl⁻ yenyewe. (d) bromaidi ni kundi zuri na kaboni ni ya daraja la kwanza, lakini methili tatu za jirani zimeziba upande wa nyuma, na SN2 inakwenda polepole kiasi kwamba kwenye kipindi kimoja cha maabara hutaona kitu. Kama ulijibu "SN2, haraka" kwa (d), irudie hatua ya 5 na uchore jirani wa kaboni hiyo pamoja na haidrojeni zake zote.